Leza katika tiba na viwanda: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Sisi ni kampuni ndogo ya utafiti. Tunajaribu leza, tunazipima, kisha tunasaidia kuzigeuza kuwa mashine zinazotumika hospitalini na viwandani. Wanaotuandikia ni madaktari, wahandisi, wenye karakana, wanafunzi, na wagonjwa waliosikia habari za leza wakajawa na matumaini au hofu. Maswali yao yanafanana, na mengi yanastahili jibu refu kuliko linalotosha kwenye simu. Tumeyakusanya hapa.

Kwa nini kampuni moja ishughulikie tiba na viwanda kwa pamoja? Si mambo mawili tofauti?

Mashine ni tofauti, sheria ni tofauti, lakini swali la msingi ni lilelile. Awe daktari anayetaka kuvunja jiwe la figo au fundi anayetaka kuunganisha vipande viwili vya shaba, tunaanza kwa kuuliza: kitu hiki kinafyonza mwanga wa aina gani, na joto likishaingia ndani yake linachukua muda gani kusambaa? Ukishayajua hayo mawili, umeshajua leza ya kutafuta. Usipoyajua, hata mashine ya gharama kubwa itakuharibia kazi.

Historia nayo inatuunga mkono. Mwaka 1981 watafiti watatu wa IBM, Rangaswamy Srinivasan, James Wynne na Samuel Blum, walikuwa na leza ya eksima yenye mwanga wa ultravayoleti wenye wimbi la urefu wa nanomita 193 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), ambayo Srinivasan alikuwa ameitumia kuchonga plastiki. Wakataka kujua itafanya nini kwenye tishu ya kiumbe. Srinivasan akaja kazini na mabaki ya bata mzinga wa sikukuu, wakaupiga mwanga ule juu yake, na mkato ukatoka safi, pembeni hapakuungua. Daktari wa macho Stephen Trokel alipopata habari akashirikiana na Srinivasan, na mwaka 1983 wakachapisha matokeo ya kuchonga konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, kwa mwanga huohuo. Upasuaji wa kurekebisha uoni unaofanywa leo kwa mamilioni ya watu umeanzia hapo, kwa watu ambao kazi yao ya kila siku ilikuwa plastiki.

Mambo huenda upande wa pili pia. Vile vimirija vya wavu wanavyowekewa wagonjwa wa moyo ili mshipa ubaki wazi hukatwa kwa leza kutoka kwenye bomba la chuma lenye kipenyo cha milimita moja au mbili, na kuta zinazobaki zina unene wa takriban mikromita 100, yaani sehemu ya kumi ya milimita. Hiyo ni kazi ya kiwanda inayoishia kifuani mwa mtu.

Leza ina tofauti gani na taa kali?

Taa hutawanya mwanga wa rangi nyingi kila upande. Leza hutoa rangi moja, kuelekea upande mmoja, mawimbi yote yakienda kwa mwendo mmoja, ndiyo maana lenzi inaweza kuukusanya mwanga wake kwenye doa dogo ajabu. Chukua kilowati moja, nguvu ya pasi ya kawaida ya umeme, uikusanye kwenye doa lenye kipenyo cha milimita 0.1: utapata zaidi ya wati milioni 12 kwa kila sentimita ya mraba. Hakuna metali itakayovumilia hapo, mradi tu ikubali kuufyonza mwanga huo.

Albert Einstein alieleza msingi wa jambo hili kinadharia mwaka 1917. Theodore Maiman akawasha leza ya kwanza tarehe 16 Mei 1960, katika maabara ya Hughes huko Malibu, California, kwa fimbo ya yakuti nyekundu iliyozungukwa na taa ya kumweka. Desemba 1961, kabla hata miaka miwili haijatimia, madaktari wa New York walikuwa wameshaitumia leza ya yakuti kwenye uvimbe ndani ya jicho la mgonjwa. Ni teknolojia chache zilizowahi kufika kwa mgonjwa upesi hivyo.

Mnajuaje leza ipi inafaa kazi ipi?

Hapa ndipo tunapotumia muda mwingi kuliko penginepo, na hapa ndipo miradi mingi huanguka kabla haijaanza. Mwanga usiofyonzwa haufanyi kazi yoyote. Ama unapita, ama unarudi ulikotoka. Kwa hiyo kwanza tunatafuta ni kitu gani ndani ya tishu au metali kitakachoudaka.

Mwilini wadakaji wakubwa ni watatu: maji, himoglobini ya damu, na melanini ya ngozi na nywele. Maji hufyonza infraredi ya mbali kwa pupa. Leza ya erbiamu, yenye wimbi la nanomita 2940, huishia ndani ya mikromita chache tu za tishu yenye maji, ndiyo maana daktari wa meno anaweza kuondoa sehemu iliyooza bila joto kufika mbali ndani ya jino. Leza ya kaboni dayoksaidi, aliyoibuni Kumar Patel mwaka 1964, ina wimbi la nanomita 10,600 na huzama kidogo zaidi, mikromita kumi hadi ishirini hivi; inakata na papo hapo inaziba mishipa midogo ya damu, kwa hiyo mpasuaji anaona vizuri anachokifanya. Leza ya neodimiamu ya nanomita 1064 haizuiwi sana na maji, nayo hupenya milimita kadhaa. Himoglobini hupendelea kijani na njano, kati ya nanomita 532 na 595, na kwa sababu hiyo doa jekundu la kuzaliwa nalo hutibiwa kwa mwanga wa njano: unapita juu ya ngozi bila kuidhuru sana na kuikuta damu ndani ya vimishipa.

Viwandani orodha ni nyingine. Chuma hufyonza wimbi la takriban nanomita 1070 vizuri kuliko lile la kaboni dayoksaidi, na hiyo ni sababu mojawapo ya leza za nyuzi za kioo kuzipiku zile za gesi katika ukataji wa bati. Lakini akriliki angavu huuachia mwanga wa nanomita 1070 upite kana kwamba hapana kitu. Huko leza ya gesi bado ndiyo mwenyewe. Shaba ni mkaidi kuliko zote. Ikiwa baridi huakisi zaidi ya asilimia 90 ya infraredi, na mwanga unaorudi unaweza kuipasua leza yenyewe. Leza za bluu za karibu nanomita 450, ambazo shaba huzifyonza vizuri mara nyingi zaidi, zimebadilisha kabisa uchomeleaji wa shaba kwenye betri na mota za umeme.

Halafu kuna swali ambalo watu hulisahau: mwanga utafikaje huko? Wimbi la nanomita 10,600 halipiti kwenye nyuzi za kioo za kawaida, linafyonzwa na kioo chenyewe, kwa hiyo leza hiyo husafirishwa kwa mkono wenye viungo na vioo vya kuakisi ndani yake. Mkono wa namna hiyo hauingii kwenye njia ya mkojo. Kuvunja jiwe la figo kunahitaji leza ya holmiamu ya nanomita 2100 hivi, au ya thuliamu, ambazo hupita kwenye uzi wa kioo wenye kiini cha takriban mikromita 200 na kufika hadi jiwe lilipo.

Na muda wa pigo, yaani mmweko mmoja wa leza? Mbona mnausisitiza hivyo?

Kwa sababu joto halitulii. Likishazaliwa linaanza kukimbilia kwa majirani. Pigo likiwa fupi kuliko muda ambao kitu hicho kinahitaji ili kipoe, joto linabaki palepale na kinaharibika chenyewe tu. Pigo likiwa refu, unaunguza mtaa mzima. Rox Anderson na John Parrish waliandika kanuni hiyo mwaka 1983, na tiba ya ngozi kwa leza haikubaki ilivyokuwa. Kitu chenye kipenyo maradufu kinahitaji takriban mara nne ya muda ili kipoe. Kwa hiyo kimshipa cha damu kinatibiwa kwa milisekunde, shina la unywele kwa makumi ya milisekunde, na chembe za wino wa tatuu kwa nanosekunde (sehemu ya bilioni ya sekunde) au chini ya hapo.

Mwisho wa safu hiyo kuna femtosekunde, sehemu ya milioni ya nanosekunde. Mwanga, ambao kwa sekunde moja ungeizunguka dunia mara saba na nusu, ndani ya femtosekunde 100 husafiri mikromita 30 tu, chini ya unene wa unywele. Pigo fupi namna hiyo huondoa kitu kabla joto halijapata nafasi ya kusambaa. Tatizo lilikuwa jinsi ya kuyakuza mapigo hayo bila kuivunja mashine yenyewe. Mwaka 1985, katika Chuo Kikuu cha Rochester, Donna Strickland na Gérard Mourou waliurefusha mwanga kwanza, wakaukuza, kisha wakaubana tena uwe mfupi. Mwaka 2018 walipewa Tuzo ya Nobeli kwa kazi hiyo, na leo mbinu yao inatumika kukata konea, kuchonga vioo na kutoboa matundu madogo yasiyo na kovu la joto.

Pamoja na sifa zote hizo, si jibu la kila kitu. Ni ghali na huondoa kidogo kidogo. Mtu anayekata bati la milimita tatu hatumshauri kabisa aende huko.

Nimeona mashine yenye wati nyingi kuliko zenu kwa bei nafuu. Si bora?

Wati peke yake haikuambii kitu. Uliza urefu wa wimbi, urefu wa pigo, nishati ya kila pigo, ukubwa wa doa na ubora wa mwale. Pigo la milijuli moja linalodumu nanosekunde 10 lina nguvu ya kilele ya kilowati 100, ingawa wastani wake kwa sekunde unaweza kuwa mdogo kuliko balbu. Muuzaji asiyeweza kukujibu maswali hayo matano, usimpe fedha.

Jaribio la kwanza huwaje?

Kwa tishu tunapenda kuanza na ini bichi la ng'ombe. Tunakata kipande chenye uso bapa, tunakifunika kwa utando mwembamba kisikauke, tunakiweka chini ya mwale na kamera ya joto juu yake. Pigo la chini kabisa haliachi alama. Ongeza kidogo, linatokea doa la kijivu, kisha jeupe: protini zimeganda, joto limepita nyuzi 60 za Selsiasi. Ongeza tena, unasikia mlio mdogo, ta, maji yamegeuka mvuke ndani ya tishu yakaipasua. Kinachofuata ni weusi. Ukifika kwenye weusi jaribio limekwisha, kwa kuwa kaboni hufyonza mwanga wa kila aina na kila pigo linalokuja baadaye linaunguza tu. Tunachokitafuta ni ukingo kati ya weupe na ule mlio, na tukiupata tunaurudia mpaka uwe uleule kila mara. Baadaye kipande hukatwa wima na kupimwa kwa hadubini: kimeganda kina gani, upana gani, pembeni kukoje.

Kwa chuma cha pua tunaanza na macho kabla ya vifaa. Mshono mzuri una rangi ya fedha au manjano hafifu kama bua kavu. Ukiona zambarau, bluu, halafu kijivu kilichofifia, ujue gesi ya kukinga haikutosha au joto lilikaa muda mrefu, na tabaka la juu limeoksidika. Kwenye geti hilo halisumbui sana. Kwenye kifaa kitakachoingia mwilini, hapo ndipo kutu itakapoanzia. Baada ya hapo tunakata mshono, tunaung'arisha, tunaupaka asidi, ndipo hadubini inapoonyesha mpaka wa metali iliyoyeyuka na vitundu vya gesi vilivyonaswa ndani.

Je, mwanga wa leza ni mionzi hatari? Unaleta saratani?

Mwanga unaoonekana na wa infraredi hauna nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomi kama eksirei inavyofanya. Madhara yake ni ya joto na ya mwanga wenyewe: kuungua, na kuumia macho. Ultravayoleti ni suala jingine, kwa sababu baadhi ya mawimbi yake yanaweza kuharibu DNA, na tunalifuatilia kwa makini kila mradi unapoligusa. Lile wimbi la nanomita 193 la konea huishia juu kabisa ya tishu, likiondoa takriban robo ya mikromita kwa kila pigo, kwa hiyo halifiki ndani ya jicho.

Nina ngozi nyeusi. Leza ni salama kwangu?

Inaweza kuwa salama, lakini si kila leza, na swali hili tunataka watu waliulize zaidi kliniki. Melanini haipo kwenye unywele tu. Iko pia kwenye tabaka la juu la ngozi, na ngozi nyeusi inayo nyingi. Leza ya nanomita 755, ambayo kwa mtu mweupe huondoa nywele vizuri, kwenye ngozi nyeusi hudakwa juu kabla haijafika kwenye shina la unywele, na matokeo yake ni malengelenge, mabaka meusi au meupe, wakati mwingine kovu la kudumu. Wimbi la nanomita 1064 halifyonzwi sana na melanini kama hilo, nalo huzama zaidi, kwa hiyo ndilo linalopendekezwa, pamoja na kupoza ngozi na kuanza kwa nishati ya chini kwenye eneo dogo la majaribio.

Kabla hujalala kwenye kile kitanda, uliza mambo mawili: mashine hii ni ya nanomita ngapi, na umeshawatibu watu wenye ngozi kama yangu? Ukijibiwa kwamba mashine inafaa kila mtu bila kubadilisha chochote, vaa viatu uondoke. Tunasema hivyo kwa uzito wote. Makovu ya namna hii yanaweza kuzuilika, na yanaumiza zaidi kwa sababu yalizuilika.

Leza inaweza kurudisha uoni uliopotea?

Inategemea umepoteaje. Kwenye ugonjwa wa retina (tabaka la nyuma ya jicho linalopokea mwanga) unaoletwa na kisukari, leza huzuia, haifufui kilichokufa. Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani miaka ya 1970 ulionyesha kwamba kuichoma retina kwa madoa mengi hupunguza upofu mkali kwa nusu au zaidi. Ndiyo maana kuchelewa kwenda kupimwa macho ni hasara isiyolipika kwa mwenye kisukari. Kwenye glakoma, yaani presha ya jicho, leza ya kijani ya mapigo mafupi hufungua njia ya maji ya jicho yatoke. Katika jaribio lililochapishwa Uingereza mwaka 2019, karibu robo tatu ya walioanzishiwa leza hawakuhitaji matone baada ya miaka mitatu. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, si kwa leza peke yake, ila utando ukijijenga nyuma ya lenzi mpya, leza huufungua kwa dakika chache na mtu huona tena.

Sisi si hospitali na hatutoi ushauri kwa mgonjwa mmoja mmoja. Nenda kwa daktari wa macho.

Vipi leza hafifu za kutuliza maumivu na kuponya vidonda?

Hapa tunajibu kwa tahadhari, kwa kuwa biashara imekimbia mbele ya sayansi. Yapo matumizi yenye ushahidi mzuri: miongozo ya kimataifa inapendekeza mwanga hafifu kuzuia vidonda vya mdomoni kwa baadhi ya wagonjwa wanaotibiwa saratani. Kwa maumivu ya mgongo, magoti na mengineyo, tafiti hazikubaliani, na kipimo hubadilika toka utafiti mmoja hadi mwingine. Kifaa kinachodai kutibu kila ugonjwa kwa taa nyekundu hatukisaidii kuingia sokoni.

Mnaweza kukata kila kitu?

Hapana. Plastiki ya PVC hatuikati, hata mteja akisisitiza. Ikipigwa leza hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, inayokula mapafu kwanza na lenzi baadaye. Bati lililopakwa zinki linahitaji uvutaji mzuri wa moshi, kwani moshi wa zinki huwaletea mafundi homa na kutetemeka saa chache baada ya kazi. Polikaboneti huungua na kugeuka kahawia badala ya kukatika. Kama hujui plastiki yako ni ya aina gani, tuletee hati ya mtengenezaji kabla ya sampuli.

Gesi mnayopuliza wakati wa kukata ni ya nini?

Kuisukuma metali iliyoyeyuka itoke chini. Oksijeni pia husaidia chuma cha kawaida kuungua, hivyo kazi inakwenda haraka lakini ukingo unabaki na tabaka la oksidi. Naitrojeni huacha ukingo safi, na ndiyo tunayoitumia kwa chuma cha pua.

Alama kwenye vifaa vya upasuaji hufifia baada ya kuoshwa mara nyingi. Mnaweza kusaidia?

Ndiyo, na ni miongoni mwa kazi tunazozipenda. Sheria za Marekani na za Umoja wa Ulaya zinataka vifaa tiba viwe na namba za utambulisho, na vile vinavyotumika tena vinahitaji alama isiyotoka. Koleo la upasuaji hupita kwenye sabuni kali, kisha mvuke wa nyuzi 134, tena na tena. Alama iliyochongwa kwa kina hukaa, lakini mfereji wake huhifadhi uchafu. Ile inayowekwa kwa kupasha moto tu hupendeza siku ya kwanza, ila joto limebadilisha tabaka la kromu linalokinga chuma, na matibabu ya asidi yanayofuata huifuta au kutu huanzia hapo. Mapigo ya pikosekunde (sehemu ya elfu ya nanosekunde) hujenga mikunjo midogo sana juu ya uso, ikaunasa mwanga na kuonekana nyeusi, huku chuma chenyewe kikibaki karibu kama kilivyokuwa. Tunakuomba vifaa kadhaa vya kuharibu, kwa sababu hatuamini alama ambayo hatujaipitisha kwenye mashine ya kuua vijidudu mara nyingi mfululizo.

Kinga ya macho: miwani yoyote nyeusi haitoshi?

Haitoshi, na miwani ya jua inaweza kukudanganya kwamba uko salama. Mawimbi kati ya nanomita 400 na 1400 hupita mboni na kukusanywa na lenzi ya jicho, hivyo ukali wake unapofika kwenye retina unakuwa umeongezeka takriban mara 100,000. Sehemu kubwa ya hatari hiyo haionekani. Mtu akipigwa na nanomita 1064 hafumbi jicho, kwa sababu hakuona kitu. Anachokuja kuona ni doa jeusi lisiloondoka.

Kiwango cha kimataifa cha IEC 60825-1 huzipanga leza kwa madaraja. Daraja la 2 ni mwanga unaoonekana usiozidi milwati moja, ambao kupepesa jicho ndani ya robo sekunde hutosha kukukinga. Daraja la 4 ni zaidi ya milwati 500 kwa leza ya mwale usiokatika. Hapo hata mwanga uliotawanywa na ukuta unaweza kuumiza, na nguo inaweza kushika moto. Miwani halali imeandikwa mawimbi inayozuia na namba ya OD. OD 6 hupunguza mwanga mara milioni moja, kwa wimbi hilo tu. Miwani ya leza ya kijani haikukingi na infraredi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika maabara ya Mourou Chuo Kikuu cha Michigan, mwanafunzi alipigwa jichoni na leza ya femtosekunde kwa bahati mbaya. Daktari aliyemchunguza, Ron Kurtz, akashangaa jinsi vidonda kwenye retina vilivyokuwa vidogo na vyenye kingo safi, na mshangao huo ukazaa leza za femtosekunde za upasuaji wa macho. Watu hupenda kutusimulia kisa hicho kwa furaha. Sisi tunakitumia kumfundisha kila mgeni wa maabara avae miwani na asiivue.

Na moshi wa upasuaji?

Unavutwa kwa mashine, karibu kabisa na kidonda, kila mara. Vinasaba vya virusi vya papiloma vimeshapatikana kwenye moshi wa leza inayochoma vigwaru, na barakoa ya kawaida ya upasuaji haikuundwa kuzuia chembe ndogo namna hiyo.

Nina wazo. Nianzie wapi?

Andika ukurasa mmoja: unataka kubadilisha nini, kwenye kitu gani, kwa ukubwa gani, na leo kazi hiyo inafanywaje. Usianze kwa kutuambia aina ya leza. Mara nyingi wazo ni zuri na leza aliyoichagua mtu ndiyo mbaya. Leta sampuli nyingi kuliko unavyodhani zinatosha, zikiwemo zilizoharibika. Kama kisu cha kawaida au gundi itafanya kazi hiyo vizuri, tutakwambia, na hatutakutoza kwa jibu hilo.

Usilitangaze wazo kabla hujaomba hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi. Gordon Gould aliandika wazo la leza kwenye daftari lake Novemba 1957, akalipeleka likagongwe mhuri, lakini akachelewa kuomba hataza akidhani ni lazima kwanza awe na kifaa kinachofanya kazi. Mabishano ya kisheria yalidumu takriban miaka thelathini, na hataza yake muhimu ya kwanza kuhusu leza nchini Marekani alikuja kuipata mwaka 1977. Tunasaini mkataba wa kutunza siri kabla ya mazungumzo ya kwanza.

Itachukua muda gani hadi kifaa kimfikie mgonjwa?

Miaka, na hatuwezi kukuahidi pungufu. Mashine ya kiwandani inaweza kutoka kwenye sampuli hadi kazini ndani ya miezi. Kifaa tiba kinahitaji mfumo wa ubora wa ISO 13485, uchambuzi wa hatari wa ISO 14971, vipimo vya usalama wa umeme na vya leza za tiba, vibali vya maadili, majaribio kwa watu walioridhia kwa kuelewa, kisha mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya nchi husika. Wapo wanaotuomba tupunguze hatua. Hatupunguzi, kwa sababu mwisho wa ule uzi wa kioo kuna mwili wa mtu.

Kuna kazi mnazokataa?

Zipo. Silaha za kupofusha macho, zilizopigwa marufuku na itifaki ya kimataifa ya mwaka 1995, hatuzigusi kwa namna yoyote. Hatuongezi nguvu kwenye leza za kuchezea au za kuonyeshea ubaoni. Hatufanyi mashine za urembo za kutumiwa na mtu ambaye hajafunzwa.

Ninasoma bado. Nisome nini ili nije kufanya kazi hii?

Fizikia na hisabati ndizo nguzo, lakini tunaowahitaji zaidi na kuwapata kwa shida ni watu wenye mikono: anayeweza kupanga vioo mpaka mwale upite katikati ya tundu mbili za milimita moja, kusoma mchoro wa mashine, kuunganisha umeme kwa usalama, na kuandika kwenye daftari alichokiona hata kama hakikuwa alichokitarajia. Mafundi mchundo wanakaribishwa sawa na wenye shahada.

Naweza kuja kuona maabara?

Unakaribishwa, kwa miadi. Vaa nguo za mikono mirefu zisizong'aa, na uache saa, pete na vito vingine nyumbani. Tutakupa miwani mlangoni, na taa nyekundu ikiwaka usifungue mlango, subiri mpaka mtu wa ndani akufungulie.